Mwanangu hakimbii, na mama mkwe anamtaka Muheza

Mama mshauri, shikamoo.

Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miezi 22. Tunaishi Kariakoo, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule. Mume wangu ana duka la vitambaa mtaa wa pili kutoka hapa nyumbani, ndiyo maana hatujahama licha ya makelele. Mimi nafanya kazi ya uhasibu Mikocheni. Natoka saa 12 na nusu asubuhi mtoto akiwa bado amelala, narudi saa 1 usiku, siku za foleni saa 2. Mchana kutwa anabaki na dada wa kazi, binti wa miaka 21 aliyetoka Singida, yuko nasi tangu mtoto ana miezi minne.

Idi iliyopita tulikwenda kwa mama mkwe wangu Muheza. Kule kuna uwanja mkubwa, michungwa, kuku, watoto wa kila umri. Mtoto wa wifi yangu, ambaye wangu anamzidi miezi miwili, alikuwa anafukuza kuku, anapanda kisiki na kushuka, anaruka ruka. Wangu nilipomweka kwenye nyasi alipiga kelele kama nimemweka juu ya makaa. Siku tatu zote alishinda kwenye mkeka, ameng'ang'ania gauni langu. Watu wakacheka, wakasema huyu ni mtoto wa marumaru. Nikacheka nao, lakini usiku nililia.

Usiku wa mwisho mama mkwe alinifuata jikoni. Akasema, "Mwanangu, huyu mtoto ni mzito. Niachie mwaka mmoja tu, nitamchua kwa mafuta ya nazi, atacheza na wenzake, nitakurudishia akiwa anakimbia." Mama huyu ananipenda, sina la kumsema. Ila nilishindwa kujibu. Mume wangu naye alipoambiwa alikubali hata kabla gari halijafika Segera. Anasema yeye mwenyewe amelelewa na bibi yake mpaka anaanza darasa la kwanza, na hakuna alichopungukiwa.

Nikueleze historia ya mtoto. Alisimama dede ana miezi 11, akatembea peke yake ana miezi 16. Majirani walinishauri nimnunulie kile kigari cha magurudumu, woka, nikanunua cha mtumba. Alikaa ndani yake tangu miezi minane hadi kumi na minne, kwa sababu kilimsaidia dada kupika na kufua. Siku moja kikateleza mlangoni kikapinduka, mtoto akatoka nundu kubwa ya paji la uso. Nilikasirika sana. Nilimfokea dada na kumkata shilingi 10,000, nikamwambia akianguka tena atarudi kwao. Tangu siku hiyo mtoto hajapata hata mchubuko, namshukuru Mungu. Lakini sasa naona dada amekuwa mvivu. Anamkalisha kwenye kochi mbele ya katuni kuanzia asubuhi, au anambeba mgongoni hata akiwa anafagia. Mbeleko imepauka kwa kufuliwa.

Ndani ya nyumba utundu anao, usije ukadhani amepooza. Anapanda kochi kwenda kuchukua rimoti juu ya kabati. Anasukuma kiti cha plastiki mpaka mezani anatafuta sukari. Kuna dumu la lita 5 analiburuta koridoni huku na huku mpaka jirani wa chini, mzee mmoja mwenye presha, anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Hayo yote tunamkataza. Lakini kukimbia hasa hakimbii, kuruka haruki, na ngazi akiziona anainua mikono abebwe.

Baba yake anampenda sana. Jioni akirudi humpakata na kumpa simu aangalie video. Mimi nikifika nimechoka, namwogesha, namlisha, analala.

Kwenye mtandao naona kina mama wa nje wana bembea za ndani, vitelezi vya plastiki, magodoro ya kurukia. Niliuliza bei ya kitelezi kimoja, ni karibu nusu ya kodi yetu ya mwezi.

Naomba unisaidie, mama. Je, mwanangu ana tatizo? Nikimpeleka Muheza nitakuwa nimemtupa? Nikimzuia nitakuwa mbinafsi, ninayemfungia kwenye marumaru kwa sababu tu nataka nikirudi usiku nimkute? Mume wangu anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama wa ghorofa ya tatu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyotaka niisome: mtoto mzito, bibi mwenye uwanja, mama aliyebanwa katikati na mume anayedai jibu. Mara ya pili nikachukua kalamu nikawa napigia mstari kila mahali ulipomtaja mtoto akifanya jambo. Amepanda kochi. Amesukuma kiti. Ameburuta dumu la lita 5 koridoni huku na huku. Mwanangu, dumu hilo likijaa maji lina uzito wa kilo 5, na hata likiwa tupu, kuliburuta ni kazi ya mgongo, mapaja na mabega. Kusukuma kiti kunataka nyayo zikamate sakafu. Kupanda kochi kunataka mikono ivute na goti linyanyuke kufika usawa wa nyonga. Hiyo ndiyo misuli mikubwa yenyewe ambayo unaniambia mwanao haitumii. Anaitumia kila siku, na kila siku anakatazwa.

Sisemi mlikosea kumkataza. Kuna sukari mezani, kuna mzee mwenye presha chini. Nasema tu kwamba picha ya mtoto aliyelala doro haitoki kwenye barua yako. Inatoka kwenye kicheko cha Muheza.

Tuanze na hilo neno "mzito", maana ndilo lililokuliza. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipimo vya lini mtoto hukaa, husimama na hutembea. Kutembea peke yake bila kushikwa kulionekana kuanzia miezi 8 na siku chache hadi miezi 17 na nusu. Umeuona huo upana? Miezi tisa mizima, na wote hao ni wazima. Wako alitembea na miezi 16. Yuko upande wa mwisho wa mstari, lakini yumo ndani ya mstari. Kukimbia, watoto wengi wanakuwa wamekuweza wanapofikisha miaka miwili. Kuruka kwa miguu yote miwili kwa pamoja huja baadaye, karibu na miaka miwili na nusu. Kwa hiyo hilo la kuruka mwanao hadaiwi bado. Huyo mtoto wa wifi yako amelipa mapema, Mungu amjalie.

Na nyasi? Mtoto aliyezaliwa na kulelewa juu ya sakafu laini, ukamweka ghafla kwenye kitu kinachochoma nyayo, mbele ya watu ishirini asiowajua wanaomtazama, hata angekuwa na miguu ya swala angeng'ang'ania gauni la mama yake. Jambo hilo halipimi nguvu za miguu yake.

Hata hivyo mimi siyo daktari, na wewe umeuliza kama ana tatizo. Chukua kadi yake ya kliniki umpeleke, usisubiri tarehe ya chanjo. Mwambie muuguzi yote: lini alitembea, kwamba ngazi anazikwepa, kwamba hakimbii. Waache wamtazame akitembea, akichuchumaa na kuinuka. Kuna mambo ambayo wao ndio wa kuyasema, kama anatumia upande mmoja wa mwili zaidi ya mwingine, anatembea kwa ncha za vidole muda wote, au kuna kitu alichokuwa anakiweza na sasa hakiwezi tena. Waangalie na magoti pia. Watoto wa ghorofani wanaoona jua kwa dirishani tu huweza kukosa vitamini D na kupata matege, ingawa kupinda kidogo kwa miguu katika umri huu ni kawaida. Wakikwambia yuko sawa, utafanya uamuzi wa Muheza ukiwa na moyo mwepesi. Wakikwambia kuna jambo, basi hata mazungumzo na mama mkwe yatabadilika, kwa sababu utahitaji kujua mtoto atahudhuria kliniki wapi huko.

Sasa nije pale ambapo nadhani hutapenda kunisikia. Nivumilie kidogo.

Umesema dada amekuwa mvivu. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia, kwa mkono wako, uvivu huo ulianza siku gani. Ulianza siku ya nundu. Kabla ya hapo binti huyu alikuwa anapika, anafua na kumwacha mtoto azunguke. Mtoto akaanguka, binti akafokewa, akakatwa 10,000, akaambiwa akianguka tena safari ya Singida. Jiweke kwenye ndala zake. Ungefanya nini? Mtoto aliye kochini haanguki. Mtoto aliye mgongoni haanguki. Mbeleko imepauka kwa sababu binti anafanya kazi kwa bidii kubwa, tena nzito, kubeba mtoto wa karibu miaka miwili huku anafagia. Kazi uliyompa siku ile ilikuwa mtoto asipate mchubuko, na ameifanya bila kosa mpaka leo.

Tatizo ni kwamba kutembea hujengwa kwa kuanguka. Profesa Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York pamoja na wenzake waliwahi kuhesabu watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza huru. Kwa wastani, ndani ya saa moja mtoto alipiga hatua 2,368 na akaanguka mara 17. Saa moja tu! Nilipoyasoma hayo mwaka 2012 au baada yake kidogo nilicheka peke yangu, nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikimkimbilia wangu kila akiyumba. Sasa fikiria nyumba ambayo kuanguka mara moja kuna faini. Mtoto wa nyumba hiyo atapata wapi hizo mara 17?

Kile kigari usijilaumu nacho, karibu kila nyumba ya mjini imepitisha kimoja. Ila ujue kwamba ndani yake mtoto hatembei, ananing'inia na kusukuma kwa vidole, na macho yake hayaoni miguu yake. Kinakwenda kasi kuliko akili ya mtoto, ndiyo maana huishia kwenye ngazi na vizingiti. Canada walikipiga marufuku tangu mwaka 2004, kukiuza hata cha mtumba ni kosa. Kama bado kiko chini ya kitanda, kivunje, usimpe jirani.

Mume wako anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Tuzigeuze hizo njia moja moja, uamuzi utaubeba mwenyewe na baba yake.

Muheza kuna mengi mazuri na sitaki kuyapunguza. Udongo, kisiki, kuku wa kufukuza, watoto wakubwa wa kuwaiga. Mtoto hujifunza kuruka kwa kumwona mtoto mwingine akiruka, zaidi ya anavyojifunza kwa mtu mzima. Na mapenzi ya bibi hayanunuliwi. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi, mume wako kalelewa na bibi, na nusu ya watu wanaosoma ukurasa huu ndivyo walivyokua. Kwa hiyo neno "kumtupa" lifute. Hakuna aliyewahi kutupwa kwa bibi yake.

Lakini yapo ya kuulizwa kabla ya kufunga begi. Mama mkwe ana umri gani, na magoti yake yakoje? Mtoto wa miaka miwili anayeanza kukimbia anataka mtu wa kumkimbilia. Bibi akienda shamba au sokoni, mtoto anabaki na nani? Kisima kiko wapi, kimefunikwa? Kunapikiwa wapi, mafiga matatu chini au jiko la juu? Barabara iko umbali gani na hilo geti linafungwa? Na wewe utakuja kila baada ya muda gani, kweli kweli, si kwa maneno ya kwenye simu? Mwaka mmoja kwako ni mwaka. Kwake ni nusu ya maisha yote aliyowahi kuishi. Watoto wa umri huu wakitenganishwa na waliowazoea wanaweza kukataa kula, kuamka usiku, kujikojolea tena, na mama akija kuwatembelea wakamgeuzia uso. Wengi hutulia. Lakini uwe umejiandaa kwa huo uso uliogeuzwa, maana huuma. Na usimsahau dada, ambaye kwa saa za mchana ndiye mama anayemjua. Mtoto ataachana na wawili kwa mpigo.

Tena kuna swali ambalo sijaliona kwenye barua yako wala kwenye maneno ya mume wako. Baada ya mwaka atarudi anakimbia, sawa. Atakimbilia wapi? Atakuta marumaru yaleyale, katuni zilezile, mzee yuleyule na ufagio wake, na dada, kama bado yupo, mwenye hofu ileile ya kukatwa mshahara.

Njia ya pili ni kumbakiza na kuibadilisha siku yake. Hapa nitachukua muda, kwa sababu huenda unadhani inahitaji kitelezi cha nusu ya kodi.

Shirika hilohilo la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kwa siku. Usishtuke, saa tatu hizo hazitafutwi kwa mpigo, zinaokotwa siku nzima, na kila aina ya kujongea inahesabiwa, hata kumfuata dada jikoni na kurudi. Asikalishwe mahali pamoja, wala asifungwe mgongoni au kwenye kiti, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Katuni kabla ya kufikisha miaka miwili hawazishauri kabisa, na akifika miwili isizidi saa moja kwa siku. Nakuona ukihesabu. Acha kuhesabu ya jana, yamepita.

Mume wako anauza vitambaa. Mwanangu, wewe una duka zima la michezo mtaa wa pili na unaulizia bei za vitelezi! Vile vibomba vya karatasi ngumu ambavyo majora huviringishwa, aje navyo vitatu. Vipange sakafuni umbali wa hatua moja ya mtoto, avivuke kimoja kimoja, leo ameshikwa mkono, wiki ijayo hajashikwa. Kisha aviviringishe kwa mguu, ndiyo mwanzo wa kupiga mpira. Mpira wenyewe utengenezwe kwa soksi zilizobaki moja moja, kila nyumba zipo. Hauna kishindo, mzee wa chini hatausikia. Maboksi makubwa Kariakoo ndiyo yamejaa hata njia hazipitiki: kata pande mbili liwe handaki, atambae ndani yake kumfuata dada anayechungulia upande wa pili. Kutambaa bado kunamfaa, kunajenga mabega na mgongo, usidhani amekupita. Boksi likichoka, mkalishe ndani umburute chumbani. Yeye naye amburute dubu wake au hilo dumu lake, litie maji kidogo tu kama robo, kifuniko kimefungwa barabara, na juu ya mkeka.

Kanga kuukuu ni gari. Mtoto anakaa katikati, wewe unavuta polepole kwenye marumaru, naye anajifunza kujishika asipinduke. Mito ya kochi ikipangwa chini inakuwa mawe ya kuvukia mto, na godoro likishushwa sakafuni linakuwa mahali pa kurukia na kubiringika. Muige chura pamoja, muige kaa wa pwani anayekwenda ubavu. Hataruka vizuri, atainua kisigino kimoja na kufikiri ameruka. Mshangilieni hivyo hivyo. Muziki uwepo, ila singeli mpunguzieni kasi, hata mimi hunishinda.

Halafu kuna jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kuandikiwa mwongozo wowote: mtoto hutumwa. "Kamletee dada kijiko." "Peleka nguo hii kwenye beseni." "Kamwite baba." Kila kutumwa ni hatua ishirini za kwenda na ishirini za kurudi, kuinama, kubeba, kugeuka. Dada akifua, mtoto ampe nguo moja moja kutoka kwenye tenga. Kazi ya dada itachelewa kidogo, hilo ukubali wewe kwanza, usije ukafika jioni ukauliza mbona sahani hazijaoshwa.

Ngazi nazo mnazo bure, ghorofa tatu nzima. Anza na vidaraja vitatu vya mwisho pale chini, mahali pasipo na mizigo. Kupanda hutangulia, kushuka ni kugumu zaidi. Mfundishe kushuka kinyumenyume, tumbo likielekea ngazi, wewe ukiwa daraja moja chini yake. Miguu iwe peku nyumbani na kwenye ngazi safi, nyayo zihisi. Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali, Mnazi Mmoja iko hatua chache kutoka kwenu. Siku ya kwanza asimame kwenye majani na viatu. Siku ya pili kiatu kimoja. Hakuna anayemcheka hapo.

Kabla ya yote hayo, tembea nyumbani kwako kwa magoti, kweli kabisa, uone anachokiona yeye. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, beseni likimaliza kazi limwagwe, kwa sababu mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye maji kidogo sana. Kiti cha plastiki na stuli visikae karibu na ukingo wa baraza au dirisha lisilo na nondo. Sukari na rimoti visogezwe mahali pengine ili asipate sababu ya kupanda pabaya, umpe pazuri pa kupanda. Kabati lifungwe ukutani. Haya yakishakaa sawa, nundu zitakazobaki zitakuwa ndogo za kawaida, na hizo ndizo utakazomwambia dada kwamba hazina faini.

Ugumu wa njia hii sitaki kuuficha. Itadumu wiki mbili kwa moto, kisha uchovu utarudi na katuni zitarudi. Wewe una dakika arobaini tu za macho ya mtoto kwa siku. Kwa hiyo mzigo hauwezi kuwa wako peke yako, na hapo namtafuta mtu mmoja ambaye kwenye barua yako anapita haraka sana. Baba yuko mtaa wa pili. Adhuhuri, duka likipoa, dakika kumi na tano za kuja kula nyumbani na kumrushia mtoto mpira wa soksi zinawezekana? Mwulize kwa upole, bila kuifanya hoja ya kumshinda kuhusu Muheza. Huenda anamwona mtoto kama kazi ya kina mama, au huenda hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kubebwa begani na kurushwa godoroni ni kazi ya baba. Na huko kulelewa kwake na bibi, mwulize anakumbuka nini. Si kisiki na kuku peke yake, mwulize na siku aliporudishwa mjini.

Zipo njia za katikati. Kwa sheria una siku 28 za likizo ya mwaka. Ukizitumia Muheza wewe na mtoto, utamwona akizoea nyasi ukiwepo, na utamwona mama mkwe akimfukuza, ujue magoti yakoje bila kuuliza. Au bibi aje Kariakoo, ingawa ghorofa tatu kwake ni adhabu. Kituo cha kulelea watoto mchana nacho kipo, akishatimiza miaka miwili. Tafuta kilichosajiliwa, nenda saa 5 asubuhi bila taarifa, utazame kama watoto wako uwanjani au wamepangwa mbele ya runinga kama nyumbani kwako. Usafiri wa asubuhi na magonjwa ya mafua yatakuwa gharama yake.

Umeuliza kama kutaka kumkuta usiku ni ubinafsi. Sioni hivyo, lakini pia sioni kama ni jambo la kuonea aibu kulisema wazi kwa mumeo na mkweo: "Mama, nataka acheze, na nataka niwe nae." Huyo mama alikufuata jikoni usiku akaongea nawe peke yako, hakukuaibisha mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo ataweza kukusikia, hata jibu likiwa "siyo sasa", hata likiwa "miezi miwili kwanza".

Kwa leo, kabla ya lolote, kaa na dada mtoto akishalala. Mwulize anaogopa nini akimwacha ashuke mgongoni. Ukiweza, mrudishie ile 10,000. Na mzee wa chini mpelekeeni visheti, wewe na mtoto, mtoto akishuka ngazi za mwisho mwenyewe, mumwulize ni saa ngapi huwa amelala ili dumu lisiburutwe saa hizo.